Vazi la Marinda la Waskoti, na Sababu Zangu za Kutoliuza



Tangu mwaka 2022 naulizwa swali moja na watu wa kila namna: wazee wa jumuiya, vijana wa kwaya, hata yule dereva aliyeniletea mzigo wenyewe kutoka posta ya mjini. Wasema, "Karani, lile vazi la Kizungu ulilotumiwa, walitunza la nini? Kulivaa hulivai, kuliuza huliuzi." La kwanza si kweli, maana nalivaa. La pili ni kweli: siliuzi, na mara mbili nimeikataa fedha taslimu. Nami nimechoka kueleza njiani, mtu mmoja mmoja, huku nimeshika baiskeli. Afadhali nieleze hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitampa gazeti asome.

Vazi lenyewe laitwa kilti. Ni vazi la wanaume wa Uskoti, nchi ya milima, mvua na kondoo, iliyo upande wa kaskazini wa kisiwa kile kile wanachokaa Waingereza. Pengine umepata kuona picha ya askari wao wakipiga zumari ya mfuko, wamevaa nguo ya miraba inayofika magotini, mbele imenyooka na nyuma ina marinda tele. Ukiiona kwa mbali wasema ni sketi, na hapo ndipo watu wetu wanapoanza kucheka. Nami nawaambia: Mskoti akishuka Bagamoyo na kumwona mzee mwenye msuli kiunoni, naye angeweza kucheka vivyo hivyo, akakosea vivyo hivyo. Na padre wetu je, anapoingia altareni Jumapili, nani ameiona suruali yake? Kila nchi imejipangia nguo zake, na mwenye nyumba ndiye ajuaye lipi la baba na lipi la mama.

Sasa jinsi ilivyonifikia. Mimi nalisomea ualimu chuoni, lakini kazi niliyoipata na kuipenda ni hii ya vitabu vya parokia: ubatizo, ndoa, mazishi, zaka. Parokia yetu ina urafiki na parokia moja ya Uskoti, na mwaka 2018 watu watatu tulialikwa huko kwa majuma sita. Nilikaa nyumbani kwa mzee mmoja mgane, mwalimu mstaafu. Mzee huyo alikuwa na kilti moja tu, aliyoshonewa alipooa mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Katika majuma yale sita niliiona akiivaa kanisani, nikaiona kwenye mazishi ya jirani yake, nikaiona tena kwenye arusi ya mpwa wake. Koti alibadili, soksi alibadili, kilti ilikuwa ile ile. Kwa miaka 57 ilikuwa nguo yake ya furaha na nguo yake ya msiba, wala hukuweza kusema kwa kuitazama kwamba ina hata miaka 10.

Alifariki mwaka 2022. Baada ya miezi michache binti yake akanitumia furushi lenye barua fupi. Aliandika hivi: wajukuu wa baba ni warefu kama milingoti na kilti hairefushwi, naye baba aliacha neno kwamba apewe yule karani wa Tanzania, maana siku moja walipimana na viuno vyao vilikuwa sawa. Ni kweli tulipimana. Nilidhani ni mzaha wa mzee.

Labda utashangaa: nguo gani hiyo isiyorefushwa? Si hufumuliwa tu pindo? Hapo, msomaji, ndipo ilipo siri ya kwanza ya vazi hili. Kilti ya asili haina pindo lililokunjwa. Ukingo wake wa chini ndio ukingo wa kitambaa chenyewe kama kilivyotoka kwenye kitanda cha mfumi, uliofumwa imara usichanike. Kwa hiyo fundi hupima kwanza kutoka kiunoni, tena kiuno cha juu karibu na kitovu, hadi katikati ya goti, na kipimo hicho kikishakatwa upande wa juu hakibadiliki tena. Nguo inayoning'inia bila pindo hutikisika vizuri zaidi, maana haina uzito uliokunjamana chini. Ni jambo dogo, lakini mimi hupenda mambo madogo ambayo mtu wa kale aliyafikiri hata mwisho.

Yule mzee alinipeleka kwa mama mmoja fundi wa kilti, aliyeshonea nyumbani kwake, chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Nilidhani nitaona cherehani. Cherehani ilikuwapo, imefunikwa kitambaa, na juu yake ameweka chungu cha maua. Yeye alikuwa na sindano, kastabini kidoleni, chaki, na kitambaa kirefu kilichojaa meza na kushuka sakafuni. Kilti kamili ya mwanamume hula kitambaa cha yadi 8, yaani zaidi ya mita 7. Siku hizi mara nyingi hununuliwa yadi 4 za kitambaa cha upana mkubwa, kikapasuliwa katikati kwa urefu, vipande viwili vikaunganishwa, na kiungo kikafichwa ndani ya rinda. Mama watoto nilipompigia simu usiku ule kumweleza, aliuliza kama mtu huyo ni mmoja au ni ukoo mzima.

Yadi hizo zote zaenda wapi? Mbele kuna vipande viwili vilivyonyooka, kimoja juu ya kingine, na cha juu hufungwa upande wa kulia kwa mikanda midogo ya ngozi na mabizimu. Sehemu hizo mbili hazili kitambaa kingi. Kitambaa kimo nyuma, katika marinda. Yangu nimeyahesabu: ni 27. Kila rinda laonekana kwa nje upana wa kama sentimita 2 tu kwenye nyonga, na likipanda kiunoni lapungua mpaka kama sentimita moja na nusu, kwa sababu mwili wa mtu nao wapungua. Lakini nyuma ya sentimita hizo mbili rinda limeficha kitambaa cha sentimita 15 au zaidi. Sehemu kubwa ya nguo, basi, ni ile usiyoiona.

Kazi ngumu ni miraba. Kitambaa cha kilti huitwa tartani: mistari ya rangi katika mtande na mistari ile ile katika mshindio, ikikatana na kufanya picha moja inayojirudia tena na tena. Fundi lazima ayakunje marinda hivi kwamba yakilala pamoja picha ile ile ijiunge upya nyuma, kana kwamba kitambaa hakikukunjwa kamwe. Mstari wa kijani wa rinda hili lazima ukutane na mstari wa kijani wa rinda jirani, si karibu yake. Naye huku analipunguza kila rinda kiunoni bila kuuvuruga mstari. Mama yule alishona rinda moja nilipokuwa nimekaa nikimtazama, kutoka nyonga hadi kiuno, mishono midogo iliyozama ndani ya sufu nisiione tena. Alipomaliza alilitazama, akakaza midomo, akalifumua lote. Mstari ulikuwa umekosea kwa upana wa uzi mmoja. Sikuuona uzi huo hata aliponionyesha kwa ncha ya sindano.

Chini ya nyonga marinda hayashonwi, huachwa huru. Hushikwa kwa muda tu kwa bandi, mishono mirefu ya kuondolewa, yakapigwa pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi mpaka yakubali. Ndani kiunoni hukatwa sufu ile ya ziada isije ikamfanya mtu mnene, hushonwa kitambaa kigumu cha kulishika umbo, kisha bitana ya pamba. Kilti moja humchukua fundi stadi saa 20 au zaidi za kushona. Ndiyo sababu bei yake si mchezo. Bei niliyotajiwa mwaka ule, nilipoigeuza kwa shilingi zetu, ilipita milioni moja na nusu, na hapo hujahesabu koti, soksi wala viatu. Sikutoa pumzi.

Jambo la pili ni uzito. Wafumi wa huko hupima kitambaa kwa wakia, kila yadi moja ya upana mkubwa. Chepesi ni wakia 10 au 11, cha kati ni 13, kizito ni 16, na vile vya askari hupita hapo hata kufika 20 na zaidi. Wakia 16 ni ratili nzima, karibu gramu 450. Basi yadi 4 za kitambaa kizito ni ratili 4, kama kilo moja na robo tatu, zote zimening'inia kiunoni mwako. Wakati wa kwanza kuivaa nilidhani nimefungiwa mtoto.

Kwa nini mtu ajitwike hivyo? Nami niliuliza. Yule mzee hakunijibu kwa maneno, alinitoa nje. Kulikuwa na upepo wa kule kwao, usiokuja kwa vipindi kama wetu, bali wakaa kama mpangaji. Kijana mmoja alipita amevaa kilti nyepesi ya dukani, ya nyuzi za kiwandani, naye alikuwa akiishika kwa mikono yote miwili mbele na nyuma kama mtu aliyeibiwa kitu. Mzee alisimama mikono mfukoni mwa koti, marinda yake yakicheza kidogo na kurudi mahali pake. Sufu nzito hukumbuka pasi. Ukikaa nayo saa nzima juu ya benchi la kanisa, ukiinuka marinda hujinyoosha yenyewe. Ukitembea, yale 27 huenda kushoto na kulia kwa pamoja kama watu wa kwaya waliofunzwa, na hapo waelewa kwamba nguo hii ilishonwa kwa ajili ya mtu anayetembea. Tena nyonga na figo zimefunikwa sufu mara mbili na tatu, na magoti, ambayo hayajali baridi sana, ndiyo yaliyoachwa wazi. Sisi wa Njombe twajua baridi ya Juni na Julai. Nakuambia kweli, asubuhi ya umande mwezi wa Julai hakuna suruali niliyo nayo inayoishinda.

Kasoro yake ni mvua. Ikilowa yote huwa nzito kupita kiasi, na kukauka ni kazi ya siku mbili. Wala haina mfuko hata mmoja, ndiyo maana wenyewe hufunga mkoba wa ngozi mbele.

Juu ya historia yake watu husimulia mengi matamu, nami sipendi tamu isiyo na ushahidi. Zamani, tangu mwishoni mwa karne ya 16, watu wa nyanda za juu za Uskoti walivaa shuka moja kubwa la sufu, yadi kadhaa, wakilikusanya kwa mikunjo na kulifunga kwa mkanda kiunoni. Sehemu ya chini ilikuwa nguo, sehemu ya juu ilitupwa begani au kichwani wakati wa mvua, na usiku shuka zima lilikuwa blanketi. Mchungaji wa ng'ombe popote angelielewa. Hii kilti fupi tunayoiona leo ilianza katika karne ya 18, kwa kuondoa sehemu ya juu. Kuna wanaosema aliyeibuni ni Mwingereza mwenye tanuri la chuma, Thomas Rawlinson, ili vibarua wake wafanye kazi vizuri. Wengine wakataa kwa hasira. Marinda ya kushonwa kwa sindano yalikuja baadaye tena, mwishoni mwa karne hiyo.

Katikati ya mambo hayo kulitokea jambo zito. Tarehe 16 Aprili 1746 watu wa nyanda za juu waliomfuata Mwanamfalme Charles Edward Stuart walishindwa vitani mahali paitwapo Culloden. Serikali ya London, ili kuwavunja kabisa, ikatunga sheria mwaka ule ule: kuanzia tarehe 1 Agosti 1747 mwanamume au mvulana asivae nguo hizo katika Uskoti, isipokuwa awe askari wa mfalme. Kosa la kwanza, kifungo cha miezi 6. Kosa la pili, kupelekwa ng'ambo miaka 7. Fikiri, msomaji: jela nusu mwaka kwa ajili ya nguo ya mzazi wako. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782, yaani mtoto aliyezaliwa sheria ilipoanza alikuwa mtu mzima mwenye watoto ilipoondolewa, naye hajavaa vazi la babu yake hata siku moja. Wengi walikuwa wamekwisha kuzoea suruali. Kilti ikarudi kama nguo ya heshima na ya sikukuu, hasa baada ya Mfalme George wa 4 kuzuru Edinburgh mwaka 1822, na mwandishi Walter Scott kupanga sherehe zile. Na hesabu hii ya kila ukoo kuwa na miraba yake maalumu, ilipangwa zaidi katika karne hiyo ya 19. Baadhi ya watu wakijua hayo hudharau, husema kumbe ni desturi ya juzi. Mimi sioni hivyo. Nguo iliyokatazwa kwa jela, kisha watu wakairudisha na kuifanya nzuri kuliko ilivyokuwa, ina haki ya kuitwa ya kwao.

Pale Edinburgh, barabara ya zamani ielekeayo ngome, maduka ni mengi yenye kilti za bei ya chini. Hazina sufu au zina sufu kidogo, marinda ni ya cherehani na kitambaa chake kimebaniwa, nyingi zimetoka ng'ambo. Sitazisema vibaya sana. Kijana anayetaka kwenda kuangalia mpira na kurudi, zamfaa. Lakini haziwezi kufumuliwa na kushonwa upya. Hii ya mkono, mwenyewe akinenepa, mabizimu husogezwa. Akinenepa zaidi, marinda hufumuliwa yote, maana kitambaa kipo, kimejificha humo humo, na mishono ya mkono haikukijeruhi. Akifa, hufumuliwa ikashonewa mwingine. Nguo iliyotengenezwa tangu mwanzo kwa kufikiri kwamba mwenyewe atabadilika na kwamba atakufa: hiyo ndiyo hasa iliyonivuta.

Sasa nije kwenye ugomvi. Mwaka 2023 mtu mmoja wa mjini, mwenye nyumba ya wageni, aliisikia habari hii akaja kuiona. Alitaka kuitundika ukutani pamoja na ngozi na mikuki. Alitoa shilingi laki nane pale pale. Baba mdogo alikuwapo, na macho yake yalizihesabu noti kabla ya yule mtu kuzihesabu. Nilipokataa, akaniita pembeni.

"Mwanangu," alisema, "paa la jiko lako lavuja. Tadei aingia kidato cha kwanza Januari. Nawe umekaa na laki nane sandukuni zikingoja nondo?"

"Baba mdogo, ni zawadi ya marehemu."

"Marehemu hakukupa ili ulale njaa."

Usidhani alisema upuuzi. Alisema kweli, na mama watoto alisimama upande wake, naye ndiye anayepika chini ya paa lile. Aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la hesabu: kama Mungu akileta bati, karani akalikataa, ni nani atakayemhurumia mvua ikinyesha? Nilimwambia yaliyo moyoni mwangu. Nilisema nyumba yetu imejaa vitu vya mwaka mmoja: ndoo ya mwaka mmoja, viatu vya msimu mmoja, tochi ya mwezi. Hiki ni kitu pekee humu ndani ambacho mtu alikaa saa 20 akikataa kukosea kwa uzi mmoja. Nilisema kwamba niliposomea ualimu tulifundishwa kuandika ubaoni neno "uangalifu", lakini hapa naweza kuwashikisha watoto uangalifu kwa vidole. Na tena nilipewa ili nivae, si ukuta uvae.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Vema. Mvua ikija tutajifunika hiyo kilti."

Tuliuza ndama, na nikakopa sehemu iliyobaki kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa. Tadei alikwenda shule Januari. Bati zilikuja Mei, baada ya masika yote kupita juu ya jiko, na nisikudanganye, msomaji, masika yale yalikuwa marefu katika nyumba yangu. Usiku mmoja wa Februari mtoto wetu mdogo alishikwa na homa ya baridi. Nilipoamka nilikuta mama yake ameifungua ile kilti, ameinyoosha yote juu ya mtoto, marinda kwa marinda, naye mtoto amelala kimya chini ya ratili 4 za sufu. Hakuniomba ruhusa wala sikumwambia kwamba watu wa kale wa huko walifanya vivyo hivyo milimani. Nilimwambia asubuhi. Alisema watu hao walikuwa na akili.

Kuhusu nondo baba mdogo alibashiri vizuri. Mwaka 2024 niliona tundu dogo mbele, ukubwa wa punje ya ulezi. Nilikwenda nayo kwa fundi wetu wa hapa sokoni, yule ashonaye sare za shule chini ya mwembe. Aliigeuza ndani nje, akavaa miwani, akainyamazia kwa muda mrefu. Kazi yake imempa mikono ya haraka, lakini siku ile haikuwa na haraka. Alihesabu mishono kwa ukucha. "Aliyeshona hii," alisema, "hakulipwa kwa idadi ya nguo." Kisha, bila kuambiwa na mtu, alifanya kile ambacho mafundi wa Uskoti nao hukifanya: alichomoa nyuzi chache kutoka kitambaa cha ziada kilichofichika ndani, nyuzi za rangi zile zile na umri ule ule, akazifuma kwenye tundu juu mbili chini mbili, kama kitambaa chenyewe kilivyofumwa, mpaka mistari ikakutana. Leo lazima nikuonyeshe mahali hapo ndipo ukaone. Alikataa malipo. Aliniomba tu niiache kwake siku mbili aitazame, nami nikaiacha.

Wako wanaoniuliza kama ni halali mtu asiye Mskoti kuivaa. Hakuna sheria inayokataza, na Waskoti niliokaa nao walifurahi kuona mgeni akiivaa kwa heshima. Ni kweli baadhi ya miraba ni ya koo fulani, na mtu mwenye adabu huuliza kwanza. Tangu mwaka 2009 serikali ya huko ina daftari rasmi la tartani zote zinazoandikishwa, na kama karani nalisifu daftari lolote linalotunzwa vizuri. Lakini iko miraba inayovaliwa na wote. Yangu ni ile iitwayo Black Watch, jina la kikosi cha kale cha askari wa nyanda za juu: kijani iliyoiva, buluu na nyeusi, haipigi kelele, yamfaa mtu wa ofisi. Mimi huivaa mara tatu au nne kwa mwaka, miezi ya baridi. Niliivaa kwenye arusi ya mdogo wangu mwezi wa Julai 2023. Vijana walicheka mpaka muziki ulipoanza na marinda yakaanza kwenda. Baada ya hapo bibi mmoja alinijia, akayashika marinda kwa mikono miwili, akauliza ni jora zima limeingia humu? Swali lile jingine ambalo vijana huuliza kwanza, la nini huvaliwa chini yake, sitalijibu gazetini. Nimevaa kaptura, basi.

Kuna namna ya kukaa nayo pia. Mtu huyapitisha marinda nyuma kwa mkono kabla ya kukalia kiti, asije akayakunja, na magoti huyaweka pamoja. Mama watoto asema ningefunzwa hayo tangu zamani.

Na kama nawe siku moja utapata nguo ya sufu nzito, ya namna yoyote, hata koti la marehemu babu, nikuachie haya niliyojifunza. Usiifue kwa maji ya moto, itajikunja isikutoshee tena. Ipige brashi kila baada ya kuivaa, kwa kuwa nondo hapendi sufu safi, hupenda jasho na mabaki ya chakula. Ikilowa iache ikauke yenyewe kivulini, mbali na moto. Usiiweke sandukuni na kuisahau: itoe kila mwezi, uikung'ute, uianike kwenye upepo nusu siku. Mimi huitundika kwenye kamba nyuma ya nyumba Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na kuku wameizoea. Kama ina marinda, yapige bandi kabla ya kuipiga pasi, na pasi iwe juu ya kitambaa kibichi, usiisugue, ibonyeze.

Tadei aliporudi likizo mwezi wa Juni aliijaribu. Mikanda iliyaruka matundu yote na ukingo ulimfika chini ya magoti, akawa kama mtoto wa kipaimara aliyeazimwa koti la baba wa ubatizo. Nimemwambia aendelee kula ugali.